Kutoka Mombasa hadi Vilima vya Ngong: Maswali Tunayoulizwa Kila Safari

Kila kundi letu la kutembea vilima hapa Mombasa likitangaza safari ya Ngong, simu hazipumziki. Mama wa Majengo anataka kujua kama huko juu kuna choo. Kijana wa Likoni anauliza kama ndara zitamfaa. Mzee wetu mmoja wa Kuze aliuliza swali moja tu, "Kwani huko kuna nini?", na siku ya safari alikuwa wa kwanza kufika stesheni. Nimeyakusanya maswali hayo hapa ili kila mgeni asome kabla ya kulipa nauli. Majibu ni yangu. Nimevitembea vilima vile mara 11, mara mbili kwenye mvua na mara moja nikiwa na goti bovu.

Vilima vya Ngong viko wapi, na ni vingapi?

Viko Kaunti ya Kajiado, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, juu ya mji wa Ngong. Jina limetoka kwa Wamaasai, enkong'u emuny, yaani chemchemi ya kifaru.

Ukitaka kuvijua kabla ya kuviona, kunja ngumi uiweke juu ya meza. Yale mafundo manne yaliyojitokeza ndiyo vilele, na vile vishimo kati ya fundo na fundo ndivyo mabonde madogo utakayoshukia. Ongeza mafundo mengine matatu, yafunike kwa nyasi fupi, basi umepata Ngong. Hakuna jabali la kukwea wala kamba ya kushika. Ni migongo ya mviringo iliyofuatana kutoka kaskazini kwenda kusini, na njia inapita juu yake moja baada ya nyingine.

Kwa kawaida watu husema vilima ni saba. Utasikia hesabu nyingine pia, kwa sababu kuna vinundu viwili vitatu ambavyo mmoja atavihesabu na mwingine atavipita bila kuvitambua. Kirefu kuliko vyote kinaitwa Lamwia, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari.

Ni mwendo wa kilomita ngapi?

Kutoka geti la msitu upande wa mji wa Ngong mpaka Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ni kama kilomita 10 au 11. Watu wa Nairobi waliozoea humaliza kwa saa nne. Sisi huchukua sita na hatuoni haya, kwa kuwa tunasimama kula, kuswali na kuangalia.

Ila kilomita zisikudanganye. Mtu wa Mombasa akisikia kilomita 10 hujiambia, "Hiyo si ni kutoka mjini hadi Bamburi tu?" Umbali ndio huo, lakini barabara ya Bamburi haikupandishi na kukushusha mara saba. Mlima mmoja mkubwa una uzito wake, lakini ukifika juu umefika. Huku unapanda mpaka jasho likuingie machoni, unafika juu, unafurahi, halafu njia inakushusha karibu yote uliyoyapanda, na kilele kinachofuata kimesimama mbele yako kama hujafanya kitu. Hapo kwenye bonde la tatu au la nne ndipo nimewaona watu wazima wenye nguvu wakikaa chini na kunyamaza. Miguu yao ilikuwa bado mizima. Kilichowalemea ni kuona walichokichuma kikirudishwa.

Kwa hiyo ninawaambia mapema: usihesabu vilele vilivyobaki. Tazama hatua kumi zilizo mbele yako, zimalize, kisha tazama kumi nyingine.

Sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Tutaweza kupumua?

Mtaweza, ila si kama mnavyopumua hapa. Kwenye mita 2,460 mgandamizo wa hewa umebaki kama robo tatu ya ule wa ufukweni, hivyo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa robo nzima. Mwili unajua kulipa deni hilo kwa kuhema zaidi na moyo kupiga mbio. Mtu asipolijua jambo hili hudhani anaumwa, akaingiwa na hofu, na hofu ndiyo inayomkata pumzi zaidi ya hewa yenyewe.

Kuna jambo dogo linaloonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maneno. Maji huku kwetu huchemka kwenye nyuzi 100. Juu ya Lamwia yangechemka kwenye nyuzi 92 hivi. Ndiyo maana chai hatuipiki huko, tunaibeba kwenye chupa ikiwa imeshawiva.

Sheria yetu ya mwendo ni moja. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kuikata katikati, mwendo wako ni sawa. Ukikata, punguza. Ukishindwa hata neno moja, simama, egemeza mikono kwenye magoti na usubiri. Hakuna atakayekuacha, maana anayetembea mwisho katika kundi letu ni kiongozi, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote.

Pia hatupandi siku ileile tuliyotoka Mombasa. Tunalala usiku mmoja Ngong. Usiku huo watu wengine huumwa na kichwa kidogo au hukosa usingizi, na asubuhi huwa wako sawa. Kichwa kikizidi kukuuma asubuhi, au ukitapika, usipande. Nafasi yako ya safari ijayo ipo.

Kuna watu ambao hawafai kabisa kuja?

Hili naomba lisomwe polepole. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) uko mwingi huku pwani kuliko sehemu nyingi za Kenya, na kila mmoja wetu ana ndugu au jirani anayeishi nao. Hewa haba, baridi, kuchoka sana na kukosa maji mwilini ni mambo manne yanayoweza kumwamshia mgonjwa maumivu makali, na mgongo wa Ngong unayo yote manne kwa siku moja. Mwenye selimundu asipande kabla hajazungumza na daktari wake wa kliniki, na daktari akisema hapana, iwe hapana. Kuna dada tunayempenda sana katika kundi, hali yake ni hiyo. Husafiri nasi, hubaki Ngong mjini na blanketi lake na kitabu, na jioni ndiye anayetupokea na uji.

Mwenye pumu aje na pampu yake, aiweke mfuko wa suruali na si chini kabisa ya begi, maana upepo baridi humchokoza. Mwenye presha au kisukari aonane na daktari kwanza. Mama mjamzito tunamwomba asubiri.

Baridi ni ya kiasi gani?

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Siku ambayo Mombasa iko kwenye nyuzi 30, juu ya Ngong inaweza kuwa 14, na hapo hatujautia upepo. Upepo wa huko hauna mzaha. Si bure kwamba mitambo ya umeme wa upepo imejengwa palepale, ya kwanza mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo kampuni ya umeme ya KenGen inayo mitambo yenye uwezo wa megawati 25.5. Utapita karibu nayo mwanzoni mwa safari, na sauti ya mapanga yake yakikata hewa, fuu, fuu, fuu, utaisikia hata baada ya kuyapa kisogo.

Watu wetu hukosea namna mbili. Wengine huja na fulana moja, kwa sababu pwani hatuna hata kabati la nguo za baridi. Wengine huja na jaketi zito la mtumba ambalo dakika ya kumi ya kupanda limelowa jasho, na likilowa linageuka barafu mgongoni. Vaa nguo nyepesi tatu badala ya moja nzito: fulana, juu yake sweta, juu yake koti jembamba la kuzuia upepo na mvua. Ukipanda, vua sweta. Ukifika kileleni, livae kabla hujasikia baridi. Ukingoja utetemeke umeshachelewa. Kofia ya sufu ni lazima. Na ijapokuwa ni baridi, jua la juu linachoma, kwa hiyo beba mafuta ya kujipaka usoni. Wale weupe wa ngozi wamebanduka pua mbele ya macho yangu.

Nivae viatu gani?

Ndara hapana. Kubadhi hapana. Raba za kitambaa zenye soli laini kama karatasi, hapana.

Huhitaji buti la bei kubwa. Nenda Kongowea asubuhi mafungu yanapofunguliwa, tafuta raba imara ya mtumba, igeuze uangalie soli: meno yawe marefu kama ncha ya kidole chako cha mwisho, na ukiikunja isikunjike katikati bali penye vidole. Nunua inayozidi saizi yako kwa nusu. Kwenye mteremko mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, na kama hakuna nafasi, kucha za vidole gumba ndizo zinazobeba mwili mzima.

Nayasema haya kwa maumivu yangu mwenyewe. Safari yangu ya pili nilikwenda na viatu vipya nilivyovivaa siku moja tu kabla ya kusafiri. Kilele cha pili nikasikia kisigino kinawaka. Nikajiambia nitakiangalia tukisimama kula. Tuliposimama, nilivua soksi nikakuta lengelenge kubwa kama shilingi ishirini, limeshapasuka, na soksi imegandamana na nyama. Nilitembea vilele vinne vilivyobaki nikiwa nimekanyaga kisigino cha kiatu kama mtu aliyevaa ndara. Kucha mbili ziling'oka baada ya majuma matatu.

Tangu siku hiyo tunayo desturi: mtu akisikia moto mguuni, anasema palepale, kundi zima linasimama, anabandikwa plasta kabla ngozi haijainuka. Ni dakika tatu. Kata kucha siku mbili kabla, vaa viatu vyako wiki tatu kabla, na soksi ziwe mbili, pamoja na jozi ya kubadilisha kwenye begi.

Sisi kina mama tunavaa buibui. Itakuwaje?

Njooni. Wengi wetu kundini ni kina mama. Ila buibui refu juu ya mgongo ule ni tanga, upepo unaliinua na kulizungusha miguuni, na anayeshuka mteremko wa changarawe hahitaji nguo miguuni. Vaeni suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake gauni la kufika magotini, na mtandio uliobanwa kwa pini. Buibui likunjwe begini, mtalivaa mkifika chini. Na kila mmoja aje na leso moja. Leso ni shuka, ni pazia la kujisitiria haja njiani (choo kiko getini, juu hakuna), ni taulo, na aliyeteguka mkono hufungiwa nayo.

Swala tunafanyaje?

Tunaswali juu. Mara nyingi Adhuhuri hutukuta tukiwa tumevuka nusu. Kibla cha kule ni kaskazini, na kwa kuwa tunatembea kuelekea kusini, kiko nyuma yenu, kule mlikotoka, penye mitambo ya upepo. Watu hutandika leso na kuziwekea mawe pembe nne zisipeperuke. Maji ya udhu ni yale ya kunywa, basi yatumieni kwa kipimo. Kuhusu kufupisha na kuunganisha swala za msafiri, muulizeni imamu wenu kabla hamjatoka, mimi si wa kutoa fatwa.

Mwezi wa Ramadhani hatuendi.

Tule nini, na maji kiasi gani?

Maji lita mbili na nusu kwa mtu mzima, na usije na moja ukitarajia la mwenzako. Juu ya mgongo hakuna bomba wala kisima. Kwenye baridi kiu hakipigi hodi, kwa hiyo tunakunywa kila kilele, mtu apende asipende.

Chakula, nitasema kwa majaribio yetu. Mbaazi za nazi tulizibeba mara moja, zikachacha kabla ya kufika Mtito Andei, na behewa zima likajua. Vitu vya tui visisafiri. Mahamri yanasafiri vizuri sana. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyopikwa na maganda yake, njugu, kashata, tende: hivyo ndivyo vya kwenda navyo. Tende tatu kwenye bonde la nne zimemwinua mtu niliyedhani tutambeba. Mabuyu na achari ya embe nazo zina kazi yake, kwa sababu jasho linatoa chumvi na ulimi wenyewe utakuomba kitu kikali. Kahawa ya tangawizi tunaigawa juu ya Lamwia, kikombe kimoja kila mtu.

Karatasi za mabuyu na maganda ya mayai yote yanarudi nasi kwenye mfuko.

Twende mwezi gani?

Januari na Februari. Njia imekauka, anga ni safi, nyasi zimegeuka rangi ya simba. Machi mpaka Mei ni masika, udongo unateleza kama sabuni na kushuka kunakuwa kwa makalio. Juni mpaka Agosti mvua imepungua lakini ukungu na baridi vinatawala, na unaweza kutembea siku nzima usione kitu zaidi ya mgongo wa aliye mbele yako. Kuanzia Oktoba huja vuli. Tukienda wakati wa vuli tunaanza mapema sana, kwa kuwa mvua mara nyingi huanguka alasiri, na radi juu ya mgongo ulio wazi si ya kuombea. Ukisikia ngurumo, shuka pembeni mwa kilele, usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Tunafikaje kutoka Mombasa?

Kwa treni ya SGR kutoka Miritini. Tunapenda ya alasiri ya Ijumaa: mwendo wa saa tano na kitu, na umefika Syokimau, stesheni ya Nairobi, usiku. Basi nalo lipo, karibu kilomita 480 za barabara, lakini mtu aliyekaa saa nane au tisa amekunja magoti hawezi kuyaomba magoti hayohayo yapande vilima asubuhi. Nauli na ratiba hubadilika, ziangalieni kabla. Tiketi za mwisho wa mwezi na za likizo huisha mapema.

Ukiwa mjini Nairobi, matatu za Ngong ni namba 111. Kutoka Ngong mjini mpaka geti kuna bodaboda, au mnapanda kwa miguu kama mna haraka ya kuchoka. Mkimaliza Kona Baridi, magari ya kwenda Kiserian hupita, na Kiserian kuna namba 126 za kurudi Nairobi. Jumapili tunarudi nyumbani.

Usalama ukoje?

Swali zuri, na sitalificha jibu. Zamani watu wameporwa kwenye vilima vile, hasa wawili wawili waliotembea peke yao sehemu za mbali. Msitu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na getini unaweza kuomba askari wa msitu wa kuwasindikiza kwa malipo. Sisi huwachukua kila mara, hata tukiwa watu thelathini. Si ghali mkichangiana, na askari wale wanaijua njia, wanajua ukungu utashuka saa ngapi, na wamewahi kumbebea begi mama yetu mmoja bila kuombwa. Mtu asijitenge na kundi, hata kwa picha.

Jambo lililotutisha zaidi sisi halikuwa la majambazi. Mwaka mmoja tulikodi gari litupokee Kona Baridi saa 10 jioni. Tukafika, gari hakuna. Simu ya dereva haipatikani. Jua lilizama nyuma ya Bonde la Ufa tukiwa kando ya barabara, watoto wanne wamefunikwa leso, jasho limetukaukia mwilini na upepo ule mnaousikia kwenye jina la mahali penyewe. Wenye duka moja walitufungulia tukajibanza ndani kwa muda wa karibu saa mbili mpaka lori tupu likatuchukua. Sasa tunalipa nusu ya nauli ya gari baada ya kupokewa, tunakuwa na namba za madereva wawili, na mmoja wetu hubaki chini siku nzima kazi yake ikiwa gari tu.

Kuna wanyama wakali?

Mgongoni utakutana na mbuzi, kondoo na ng'ombe wa wafugaji wa Kimaasai. Wasalimuni wachungaji, muwapishe ng'ombe. Nyani wakiona mahamri watasogea.

Ukifika juu unaona nini hasa?

Hapa ndipo mzee wetu wa Kuze alipopata jibu lake. Mkono wa kushoto, mashariki, ni Nairobi, majengo marefu yamesimama kama vijiti vya kiberiti. Mkono wa kulia ardhi inaondoka. Sina neno jingine. Ngong ni mabaki ya volkano ya kale, na Bonde la Ufa lilipofunguka upande wake wa magharibi ulikatika ukashuka, ngazi baada ya ngazi, mpaka kwenye joto la tambarare za chini. Unasimama kwenye ukingo wa kilichobaki. Kaskazini-magharibi utaona Suswa na Longonot, kusini-magharibi ni upande wa Magadi. Asubuhi safi sana, Mlima Kenya na Kilimanjaro vyote viwili hujitokeza kwa wakati mmoja. Mimi nimeviona pamoja mara mbili tu katika mara 11. Mzee alikaa pale kwenye nyasi, akavua kofia upepo ukaichezea mkononi, na hakutaka kuondoka.

Vilima vile vina kumbukumbu nzito pia. Machi 1975 mwili wa mbunge J.M. Kariuki, aliyeuawa, ulikutwa kwenye vilima vya Ngong, na wazee wa Kenya hawajalisahau. Na kwenye mteremko wa mashariki amezikwa Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekufa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi. Voi hiyohiyo treni yetu inapopita, ndipo huwa nawasimulia wageni, ili wakifika juu wawe wanajua.

Kwa nini twende mbali hivyo? Shimba Hills si ipo hapa?

Ipo, na naipenda. Vuka Likoni, panda Kwale, umefika. Ni hifadhi tangu 1968, ndiyo makao pekee ya palahala (swala mkubwa mwenye pembe ndefu) katika Kenya, na kuteremka kwa miguu na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Sheldrick, zaidi ya mita 20 kwenda chini, ni asubuhi nzuri kwa familia. Lakini Shimba ina ndovu. Hutembei unavyotaka kutoka kilima hadi kilima, na kilima chake kirefu hakifiki mita 500. Ukitaka siku nzima juu ya miguu yako, vilele mfululizo na anga wazi kila upande, ni Ngong.

Watoto wanaruhusiwa?

Kuanzia miaka 10, na mzazi wake awepo. Watoto wanapanda vizuri kuliko sisi. Shida yao ni baridi wakisimama.

Nikichoka katikati naweza kurudi?

Unaweza. Kabla ya nusu tunakurudisha geti la Ngong pamoja na kiongozi mmoja na askari mmoja, hurudi peke yako hata iweje. Baada ya nusu, kuendelea mbele ni sawa na kurudi, kwa hiyo tunapunguza mwendo wa kundi zima. Tunaamua pamoja juu ya kilele cha nne, wazi, kila mtu anasema hali yake. Aliyenyamaza, mimi humuuliza mara ya pili. Na anayerudi anarudishiwa pesa ya gari la Kona Baridi.

Kushuka kunaumiza magoti zaidi ya kupanda. Chukua fimbo au bakora, shuka kwa hatua fupi, goti likunjwe kidogo, usijiachie kukimbia.

Nimerudi Mombasa, siku ya nne nina homa. Ni uchovu?

Usijitabibu kwa kusema ni uchovu wa Ngong. Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Maumivu ya mapaja ni ya kawaida kwa siku tatu nne, homa si ya kawaida.

Mombasa ni tambarare. Nitafanya mazoezi wapi?

Ngazi. Hakuna kilima bora kuliko ghorofa ya jirani anayekukubali. Anza na ghorofa nne mara tano, panda na ushuke, bila lifti ya kuteremkia, kwa sababu kushuka ndiko unakokwenda kujifunza. Baada ya majuma mawili beba begi lenye chupa mbili za maji. Maji yakipwa, tembea ufukweni kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha mguu, siyo ule mgumu wa ukingoni. Mwezi wa mwisho tunakwenda pamoja kupanda barabara ya Kwale kutoka Kombani, alfajiri kabla ya malori, na anayemaliza ile akizungumza ataimaliza Ngong.

Majuma sita yanatosha kwa mtu mzima wa afya. Tunaanza kila Jumapili saa 12 asubuhi Mama Ngina, upande wa mibuyu. Njoo umevaa viatu utakavyosafiri navyo, hata kama ni vibaya, ili tuviangalie soli.